Kopo la Chai Kutoka Ndola

Mume wangu alifia Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyokuwa ya Waingereza wakati sisi wa Katanga tulikuwa chini ya Wabelgiji. Alikuwa seremala wa reli. Tulikuwa tumekaa kule miaka minane. Aliugua mapafu siku tisa, na siku ya kumi jirani yangu, mwanamke Mlamba aliyeuza mihogo kando yangu sokoni, alinishika mkono mlangoni mwa hospitali kabla sijaingia. Nilijua.

Kwa watu wa mume wangu, wanaotoka upande wa Mitwaba, mtu akifa mbali na mwili usiweze kuletwa, mke wake hukata kucha za mikono na za miguu na nywele kidogo, huzifunga katika kitambaa na kuzipeleka kwao. Huko zinazikwa kama anavyozikwa mtu mzima. Mpaka zizikwe, kilio hakijaisha. Mama wa marehemu hukaa chini kwenye mkeka, hali chumvi, hachani nywele, haendi sokoni. Mjane hukaa naye. Baada ya maziko, ndugu wa mume humpaka mjane pemba mikononi, ule udongo mweupe, na hapo anakuwa huru kwenda anakotaka, au kuolewa. Wengine mjini walikuwa wameanza kuyaacha mambo haya. Wao hawakuyaacha, na misa pia walikuwa hawakosi.

Nilizikata mwenyewe, jirani akishika beseni. Chini ya kucha zake kulikuwa na gundi ya mbao ambayo haikutoka hata nilipomwosha kwa sabuni. Nilizifunga katika kitambaa chake cha mkono, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine chenye kifuniko cha kubana, nilikitia ndani ya kopo la chai. Majani yaliyokuwamo niliyamwaga kwenye sahani.

Wiki mbili baadaye shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa fundi cherehani Kamalondo, mtaa wa mji wa Élisabethville kwetu Katanga, alikuja kwa treni kunichukua. Alisimama katikati ya chumba akitazama kitanda, meza na kabati, vyote kazi ya kaka yake.

"Shemeki, funga bintu," aliniambia. "Mama iko anakungojea chini."

Kitanda na meza tuliviacha kwa jirani. Kopo nililiweka katikati ya nguo ndani ya sanduku. Njiani shemeji hakuniuliza kama nimezileta. Haikumwingia akilini kwamba mjane anaweza asizilete.

Tulifika Élisabethville saa ya mchana. Wanawake walikuwa wamejaa uani kwa shemeji, na walipoona sanduku langu kichwani kwake wakaanza kulia. Nililia nao. Tulipochoka, shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyezoea kuongoza vilio, alinijia na mikono miwili wazi.

"Muke ya mutoto yetu, tunakushukuru kufika. Makucha iko wapi?"

Nilikuwa nimekalia sanduku. Kopo lilikuwa chini yangu. Nikasema, "Nimesahau, mama. Inabakia kule, kwa jirani."

Nimejiuliza miaka mingi ni nani alisema maneno yale. Ni mimi. Sikuwa nimeyapanga, lakini yalipotoka sikuyashangaa.

"Unasahau!" Shangazi aliwageukia wenzake. "Sufuria hakusahau. Blanketi hakusahau. Hata mwavuli, mumuangalie, iko naye. Muntu njo anasahau!"

Wanawake wengine walicheka kwa aibu, jinsi watu wanavyocheka kilioni. Mama mkwe wangu ndiye aliyenitetea. Alikuwa mwembamba, mzee tayari, ameketi kwenye mkeka na miguu imenyooka mbele.

"Mumuache," alisema. "Muntu wa kilio, kichwa haiko yake. Tutamutafutia karatasi. Ataenda kumukamata bwana yake, atarudia naye."

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimekitaka. Nilitaka mtu aseme kwamba lazima nirudi Ndola.

Sitasema kwamba nilikuwa natamani kaburi. Watu walisema hivyo kwa ajili yangu na niliwaacha waseme. Nilimlilia mume wangu kwa kweli, naye alikuwa mtu mwema ambaye hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Lakini nilipofumba macho sikuliona kaburi. Niliona meza yangu ya vitumbua sokoni, na moshi wa mafuta asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, na wanaume wa reli wakipanga mstari mikono ikiwa mifukoni. Walikuwa wananiita mama wa Kongo. "Mama wa Kongo, vya leo ni vidogo, ulikuwa umekasirika?" Nilikuwa nawajibu kwa Kibemba changu kibovu na wao walikuwa wanakirudia vile vile kibovu, na sote tulikuwa tunacheka. Alasiri jirani alikuwa analeta mihogo ya kuchoma, mimi natengeneza chai ya maziwa, tunakunywa barazani tukitazama treni.

Na jambo jingine. Sikupata mtoto. Élisabethville kila mtu alijua, tangu mwaka wa pili wa ndoa, na wanawake walikuwa wakilitazama tumbo langu kabla ya kunisalimu. Ndola hakuna aliyeuliza. Kila mtu pale alikuwa ametoka mahali pengine na kuacha kitu nyuma. Kwa miaka minane nilikuwa mtu anayepika vitumbua vizuri, basi. Nilikuwa sijui kwamba jambo dogo kama hilo linaweza kumshika mtu hivyo.

Kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka pamoja na mama mkwe, nikala mboga isiyo na chumvi, na sanduku langu likawa chini ya kitanda cha wifi yangu, mke wa shemeji, hatua tatu kutoka tulipokaa.

Shemeji alianza kwenda biro, ofisi ya serikali, kutafuta karatasi ya ruhusa. Wakati ule hukuweza kutoka mjini hivi hivi, sembuse kuvuka mpaka, na kwa mwanamke asiye na mume ilikuwa shida zaidi. Siku ya kwanza alirudi amenuna.

"Karani ananiuliza, anaenda kuona nani? Namwambia, anaenda kuona kaka yangu. Ananiuliza, kaka yako anafanya kazi gani? Namwambia, alikufa. Anaweka kalamu chini. Anasema, Bwana, rudia siku ingine na kaka muzima."

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu nifike. Kisha akasema, "Urudie kesho."

Alirudi kesho, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Mvua zilianza. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini kwa ajili ya kilio, na wakati wa kupanda ulikuwa unampita. Alikuwa akiuliza wanaotoka Mitwaba habari za shamba lake. Wao walikuwa wanamjibu kwamba nyasi zimelala juu yake. Naye alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za shamba la mwingine.

Mchana, wakati nyumba ni tupu, alikuwa akiniuliza maswali.

"Kule alikuwa anakula nini?"

"Bukari, mama," nilisema, yaani ugali. "Na samaki ya kukausha. Na chai na mukate."

"Chai ya namna gani?"

"Ya maziwa."

"Maziwa ndani ya chai! Sawa mutoto muchanga." Aliwaza kidogo. "Na alikuwa anaipenda?"

"Alikuwa anakunywa vikombe viwili."

"Vikombe viwili," alisema, akatikisa kichwa kwa furaha. Kesho yake alikuwa ananiuliza tena, ili niseme tena vikombe viwili.

Nilimweleza kila kitu: baraza, treni, jinsi mwanawe alivyokuwa akirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Ni kweli nilikuwa nampa mwanawe. Ni kweli pia kwamba nilikuwa najipa Ndola, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine katika nyumba ile aliyetaka kuisikia. Yeye alidhani tunaomboleza kitu kimoja.

Alipolala mchana, nilikuwa nalivuta sanduku, nafungua kopo. Lazima niliandike hili. Sikukigusa kitambaa. Nilikuwa nasogeza pua kwenye ukingo wa kopo, na nilichokuwa nanusa kilikuwa chai. Kisha nalifunga na kurudi kwenye mkeka. Miezi ile sikwenda kuungama. Nilisema miguu inaniuma.

Ni padri aliyetutoa. Shemeji alimshonea kanzu, akamweleza shida yetu, na padri akaandika mistari mitatu ya Kifaransa kwa mkono wake. Ilisema mjane huyu Mkristo anaomba kwenda kuchukua mabaki ya mumewe ili mama mzee aweze kumzika. Biro walisoma, wakapiga muhuri. Ruhusa ya siku saba.

Nilikuwa nimeshafikiri nitafanya nini. Nisingerudi. Ningekaa kwa jirani yangu, ningeanza tena meza ya vitumbua, na kopo ningempa mtu wa treni alilete Kamalondo kama kitu kilichotoka kule. Hivyo mama mkwe angepata kilicho chake na mimi changu. Kopo sikuweza kuliacha nyuma, maana wifi yangu alikuwa mtu wa kufagia mpaka chini ya kitanda.

Asubuhi ya kuondoka mama mkwe aliniita. Alikuwa ameshindwa kunyoosha mgongo siku zile kwa sababu ya sakafu, mvua ilikuwa inaingiza baridi. Alinishika vidole.

"Ukifika pale kwa kaburi, umuambie, mama yako iko angali chini. Umuambie, hasira hapana. Akuye kwetu pole pole."

Nilisema ndiyo.

Treni ilifika Sakania, kituo cha mpaka, mchana. Pale abiria wote walikuwa wanashuka na mizigo, wanapita mbele ya meza ndefu. Mzungu wa forodha alikuwa ameketi kivulini na daftari, na kazi ya kupekua ilikuwa ya msaidizi wake, Mwafrika wa makamo, kaptula imepigwa pasi vizuri. Alikuwa mcheshi. Mwanaume aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kuku wawili, na msaidizi alimwuliza kama kuku nao wana karatasi.

Alichukua karatasi yangu, akaisoma, akafungua sanduku langu. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo.

"Ah, mama! Unapelekea Bangereza chai? Chai kule njo maji yabo. Ni sawa kupelekea samaki ku mutoni."

Watu nyuma yangu walicheka. Alilitikisa kopo karibu na sikio. Halikutoa sauti ya chai. Akafungua kifuniko, akainua ncha ya kitambaa kwa kidole, akaona.

Alirudisha kitambaa polepole. Alifunga kopo, na tangu hapo alilishika kwa mikono miwili. Sauti aliishusha.

"Ni nani?"

"Bwana yangu."

"Pole, mama. Alikufia wapi?"

"Ndola."

Alitazama karatasi, akatazama upande treni ilikotoka, kisha upande ilikokwenda.

"Na unamupeleka wapi?"

Nilitazama kopo mikononi mwake.

"Karatasi inasema unaenda kumukamata. Na iko naye hapa. Alikwisha kufika kwabo?"

"Alifika."

"Mama yake iko?"

"Iko. Iko Élisabethville. Iko anaikala chini."

Hakunikaripia. Angenikaripia ningejua la kufanya, maana kukaripiwa nilikuwa nimezoea. Alinipa kopo kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokeza mwenzake mtoto aliyelala, akaweka karatasi juu yake.

"Karatasi yako ni muzuri," alisema. "Miye siwezi kukukataza. Lakini nimekaa hapa miaka mingi, mama. Nimeona bantu benye kuleta maiti yabo huku. Mwenye kumurudisha kule, ni weye wa kwanza." Akamgeukia aliyefuata nyuma yangu. "Pita, bwana. Fungua."

Nilitoka nikasimama kwenye jukwaa la kituo. Treni ilikuwa bado. Behewa langu lilikuwa wazi mbele yangu, na mahali pangu dirishani palikuwa pamefunikwa na kitenge changu nilichoacha. Nilijua kwamba nikipanda, jioni ile ile ningekunywa chai barazani kwa jirani. Ninaandika hivi ili isidhaniwe kwamba niliacha kutamani pale Sakania. Sikuacha. Nilitamani zaidi kuliko siku zote. Nilimwomba mwanaume wa kuku anitolee kitenge changu dirishani, akanirushia, akauliza, "Mama, unabakia?" Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani.

Treni iliondoka.

Nilirudi Élisabethville siku iliyofuata. Kutoka kituoni nilikwenda kwa miguu mpaka Kamalondo, na mvua. Shemeji alikuwa dukani, wifi yangu kisimani. Mama mkwe alikuwa peke yake kwenye mkeka. Aliponiona alihesabu kwa vidole.

"Siku mbili? Ndola imesogea karibu?"

Niliketi mbele yake, nikaweka kopo kati yetu. Nikamwambia. Nilisema sikufika Ndola. Nilisema sikusahau. Nilisema alikuwa ndani ya kopo hili tangu siku ya kwanza, ndani ya sanduku langu, na nilidanganya kwa sababu nilitaka kurudi kule, na wala si kwa ajili ya kaburi.

Alifungua kopo, akatoa kitambaa, akakifungua kwenye mapaja yake. Alizitazama kucha moja moja. Akaona ile gundi.

"Sanduku ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Chini ya kitanda, mama. Pale."

Alijivuta kwa mikono, maana kusimama kulimchukua muda mrefu, mpaka karibu na kitanda. Akainama akatazama mahali patupu chini yake. Kisha akatazama mkeka wake, akapima kwa macho.

"Njo kusema nilikuwa nalala karibu naye," alisema. "Mvua yote hii."

Sikujua kama ni faraja au lawama. Nadhani naye hakujua. Alianza kulia, taratibu, bila sauti ya kilio, na mimi sikuthubutu kumgusa.

Hakuniambia neno tena siku tano. Kwa wengine alisema tu, "Amemuleta," na kwa kuwa ilikuwa yeye aliyesema, hakuna aliyehesabu siku. Hata shangazi hakuuliza. Hawakungoja maziko; walimnyoa mama mkwe nywele, wakampikia mboga yenye chumvi. Alikula kidogo akasema imezidi.

Siku ya sita, kabla hajapanda lori la kwenda Mitwaba kumzika mwanawe kando ya baba yake, aliniita uani mbele ya jamaa wote. Kwa desturi ya kwao maziko ndiyo hutangulia, na mjane ambaye ndugu wa mume wana neno naye wanaweza kumwacha bila pemba mwaka mzima. Nilikuwa nimejiweka tayari kwa hilo. Alichovya vidole kwenye udongo mweupe, akanipaka kutoka viwiko mpaka viganjani, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mikono yake ilikuwa mizito kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sasa enda kwenye unapenda," alisema.

Kisha akanipa kopo. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kiunoni mwake, chini ya kitenge. Kopo lilikuwa tupu.

"Hii ni yako."

Alipanda lori na sikumwona tena. Alikufa kijijini kabla ya mavuno ya pili. Waliniambia alizikwa kati ya mumewe na mwanawe.

Sikwenda Ndola. Kwa jamaa nilikuwa huru, lakini karatasi ya biro ilikuwa imekwisha siku zake, na sababu iliyoandikwa juu yake ilikuwa imezikwa. Shemeji aliniuliza mara moja kama ajaribu tena. Nilifikiri sababu gani ya kweli ningeweza kumpa karani aandike, kwamba nataka kuuza vitumbua mahali ambapo hakuna anayenijua, nikamwambia aache.

Nilianza kupika vitumbua Kamalondo, mlangoni mwa duka lake. Watu walivinunua. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nimekasirika.

Kopo ninalo bado. Rangi imetoka na kifuniko hakibani tena vizuri. Chai haiwezi kukaa humo, inapata unyevu, kwa hiyo ninatia chumvi.